Mchezaji naye ana Krismasi: barua ya wazi kwa wanaosimamia Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela

Waheshimiwa Wakurugenzi, Waheshimiwa Madiwani, nanyi Maafisa Utamaduni na Maafisa Maendeleo ya Jamii,

Shikamooni.

Naandika kuomba jambo moja. Yeyote atakayekuja kwenu kuomba kibali cha tamasha, bonanza au usiku wa burudani Desemba hii, kabla hamjampigia muhuri, mwambieni aonyeshe karatasi mbili: mkataba wa maandishi kati yake na wasanii atakaowapandisha jukwaani, na uthibitisho kwamba nusu ya malipo yao wameshaipokea. Nusu inayobaki ilipwe siku ile ile ya shoo, kabla wasanii hawajaondoka ukumbini. Ni hilo tu. Yote nitakayoeleza humu ni sababu za kuliomba.

Mimi ni binti wa Mabatini, mchezaji wa ngoma na sarakasi. Kundi letu lina wasichana na wavulana. Wengi tumeishia kidato cha nne, wachache wamepita chuo, na mmoja wetu anaendesha bodaboda pale ambapo hakuna kazi ya jukwaani. Tunacheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe waliyoianzisha wakulima wa Usukuma. Tunapandana mabegani mpaka wa juu kabisa anagusa turubai la hema. Krismasi ikikaribia tunaziimba nyimbo za kuzaliwa kwa Bwana kwa mapigo ya ngoma kubwa, na watu wanazipenda hivyo. Mkiwa na wageni mnatuita, mkiwa na harusi za watoto wenu mnatuita, na sisi tunakuja kwa moyo.

Kwa msanii wa hapa Desemba ndiyo msimu wa mavuno. Juni tuna Bulabo, tamasha la ngoma kule Bujora, Kisesa, ambako vyama viwili vya ngoma vya Usukuma, Bagika na Bagalu, vinashindana mchana kutwa huku kila upande ukivuta watu wa upande wa pili. Agosti tuna Nane Nane pale Nyamhongolo. Katikati ni harusi za hapa na pale, na Kwaresima ikiingia nazo zinapungua. Lakini Desemba watu wanarudi nyumbani. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanaingia yamejaa, vijana wa migodini Geita na Kahama wanashuka na hela zao, hoteli na fukwe za ziwani zinafunga taa za rangi, viwanja vya Furahisha vinajaa watoto waliovaa nguo mpya. Jiji na manispaa kwa pamoja zina watu zaidi ya milioni 1 kwa sensa ya 2022, na kwa majuma mawili karibu wote wanataka kucheka na kucheza. Pesa ya majuma hayo mawili ndiyo inayolipa kodi ya chumba, ambayo mwenye nyumba anaitaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ndiyo inayonunua sare na madaftari ya wadogo zetu shule zikifunguliwa Januari. Ikipotea hiyo, mwaka mzima unayumba.

Naomba niwaeleze siku ya Desemba inavyokwenda, maana wengi wenu mnatuona tukiwa tayari tumevaa na tunatabasamu.

Ukumbi wa mazoezi hatuna. Tunafanya mazoezi juu ya mwamba mmoja mpana ulio nyuma ya nyumba za watu, alfajiri, kabla jua halijauchoma ukawa haukanyagiki kwa miguu mitupu. Desemba ni mwezi wa mvua za vuli, na mvua ikinyesha usiku mwamba unateleza. Tunaukausha kwa magunia. Ngozi za ngoma nazo zinalegea kwa unyevu, zinatoa sauti kama mtu mwenye mafua, kwa hiyo kuna kijana kazi yake ni kuwasha moto wa karatasi na majani makavu na kuzigeuza ngoma mbele yake, akizipiga kidole mpaka zilie sawasawa. Majembe yetu ni ya kweli. Mchezaji analirusha juu, linazunguka hewani, analidaka kwa mpini bila kuacha hatua. Kulidaka vile mbele yenu kwa dakika kumi kunahitaji miezi ya kulikosa, na makovu ya miezi hiyo tunayo kwenye vifundo na viganjani. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia watu wazima wakisema, "Si mnacheza tu?"

Mchana wengine wanakwenda kwenye vibarua vya sikukuu. Kuna kaka yetu mmoja, wa juu kabisa kwenye mnara wetu wa sarakasi, ambaye Desemba anasimama mbele ya duka katikati ya mji akiwa Baba Krismasi. Anavaa joho jekundu la kitambaa kizito lililoshonwa kwa ajili ya nchi za baridi, kofia, na ndevu za pamba zilizobandikwa kwa gundi. Jua la saa saba mchana mnalijua. Jasho linateremka chini ya gundi, gundi inalegea, anaibonyeza kwa kidole huku akicheka na watoto, kwa sababu akiacha kucheka mwenye duka anamtokea mlangoni. Watoto wengine wanamkimbilia, wengine wanalia kwa hofu, na wazazi wanapiga picha. Jioni akibandua zile ndevu zinaondoka na ngozi, anapaka mafuta ya mgando, kisha anabeba begi lake kuja kwenye shoo ya usiku. Malipo ya dukani ni kwa siku, na mara nyingi anaambiwa yatatolewa yote kwa pamoja "tukishafunga hesabu za sikukuu". Hakuna aliyemwandikia chochote. Ni kazi, amesimama kutwa nzima na ameleta wateja, lakini ushahidi wake ni picha zilizo kwenye simu za watu asiowajua.

Usiku ndiyo shoo zenyewe. Tunabadilisha nguo stoo, katikati ya makreti ya soda, wasichana wakiwashikia wenzao kanga kama pazia. Tunaitwa kupanda saa mbili, tunapanda saa tano kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Tukimaliza kuna kuhesabu vifaa, kutafuta usafiri unaokubali kubeba ngoma, na kupanda vilima kwenye giza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 tunaweza kucheza Sengerema na kurudi usiku ule ule bila kupangia safari kivuko, na kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati. Limetufungulia soko upande wa pili wa ghuba. Nalo soko hilo tunaliendea kwa makubaliano ya simu, kwa mtu ambaye pengine hatujawahi kumwona uso.

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Kazi zetu karibu zote zinapatikana kwa mdomo. Mtu anapiga simu: "Mnachukua bei gani? Sawa, njooni, tutaelewana." Tukiomba advansi tunaambiwa hatuna imani. Tukiomba maandishi tunaambiwa kundi la ngoma nalo limeanza kujiona. Na msimu ukiwa mmoja kwa mwaka, nani atakataa? Tunakwenda.

Krismasi iliyopita, siku ya kufungua zawadi, tulicheza sehemu moja kubwa ya starehe kando ya ziwa. Jina lake silitaji, maana sikuandika ili kumchafua mtu. Tulielewana kiasi kwa simu. Watu walijaa, kiingilio kililipwa getini, nasi tulicheza mizunguko miwili badala ya mmoja tulioitiwa kwa sababu wanamuziki waliofuata walichelewa. Tulipomaliza tukaambiwa mhasibu ameshaondoka, tuache namba, hela itaingia asubuhi. Asubuhi tukaambiwa Jumatatu. Jumatatu tukaambiwa baada ya Mwaka Mpya, kwa sababu benki zina foleni. Januari simu ikawa inaita tu. Tukapigwa kalenda mpaka tukachoka kuuliza. Mwenzetu mmoja alikuwa amemwahidi mama yake aliyeko Ukerewe kwamba Mwaka Mpya utamkuta nyumbani, na amemnunulia mchele na kitenge. Meli ya Nansio iliondoka bila yeye. Nauli yenyewe alikuwa ameitumia kulipia gari lililobeba ngoma zetu usiku ule, akitegemea kurudishiwa.

Pasaka ilipokaribia, tangazo la sehemu ile ile likaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Ndani yake tulikuwa sisi: majembe yetu hewani, sura zetu, na maandishi ya kuwaalika watu wafike. Hakuna aliyetuuliza. Waheshimiwa, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mchezaji, siyo mtunzi wa wimbo peke yake. Onyesho la mchezaji ni mali yake, na kulirekodi kwa ajili ya biashara kunahitaji ridhaa yake. Sheria ipo. Lakini binti wa Mabatini ataanzia wapi kudai ridhaa ambayo haikuwahi kuandikwa popote, kwa mtu ambaye hata malipo ya usiku ule amekataa kuyatoa?

Tumeshaambiwa mara nyingi twende mahakamani. Ni kweli kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo. Ila kuyathibitisha ni mzigo wa anayedai. Shahidi wetu ni mshereheshaji ambaye naye anategemea kuitwa tena pale pale mwakani, kwa hiyo hatasema. Nauli za kwenda na kurudi kusikiliza shauri zinaweza kuzidi deni lenyewe, na kila siku ya shauri ni siku ya mazoezi au kibarua iliyopotea. Kwa wasanii wadogo haki inayopatikana baada ya shoo inakuwa imechelewa. Ndiyo maana tunaomba isimamiwe kabla, mahali ambapo mwandaaji mwenyewe analazimika kupita, yaani mezani kwenu.

Kuna jingine ambalo wenzangu walinisihi nisiliandike, nami nimeona niliandike. Malipo yanapobaki baada ya shoo, anayetumwa kuyafuata kesho yake mara nyingi ni msichana. Bosi mwenyewe ndiye anayechagua: "Mtume yule mrefu aje achukue, aje peke yake." Nadhani wazazi mnaelewa maana yake. Wako mabinti wenye vipaji walioacha jukwaa kwa sababu hiyo, na nyumbani hawakusema sababu. Siku malipo yatakapokuwa yanamalizika palepale, kwa namba ya simu ya kundi, mbele ya kiongozi wa kundi, mlango huo utakuwa umefungwa. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote nilizozitaja.

Najua wapo watakaowaambia kwamba sharti hili litaua burudani. Watasema waandaaji ni vijana pia, hawana mtaji, wanategemea kiingilio cha getini ndipo walipe. Nawaheshimu, maana wengine tumekua nao mtaa mmoja. Lakini mwenye spika anadai advansi, na anapewa. Mwenye hema na viti anadai advansi, anapewa. Anayechapa mabango hachapi bila kulipwa, na soda haziingizwi kwa ahadi. Ni mchezaji peke yake anayeombwa aungane na mwandaaji kubeba hasara, ilhali faida ikipatikana hagawiwi. Eti tutaonekana. Tumeonekana miaka yote hii, na mwenye nyumba wangu hapokei kuonekana.

Baa ndogo ya mtaani inayomwita mpiga kinanda mmoja Jumamosi sisemi ibanwe kama tamasha la uwanjani. Kwake inatosha daftari: jina, kiasi, sahihi mbili. Lakini palipo na kiingilio, mdhamini au tangazo la redioni, hapo pana hela, na penye hela pawe na maandishi.

Nawaomba mlifanye pande zote mbili kwa pamoja, Jiji na Manispaa. Sisi tunalala Nyamagana, upande wa Jiji, tunacheza Ilemela, au kinyume chake, na mpaka wenyewe tunauvuka kwenye daladala bila kuuona. Sharti likiwekwa upande mmoja tu, mwandaaji mjanja atahamishia shoo yake upande wa pili, na wasanii watakaoumia ni wale wale.

Sherehe za umma nazo zianze kuonyesha njia. Sitaji ofisi wala siku. Ila kila kundi la ngoma katika mkoa huu linajua maana ya kuitwa saa moja asubuhi kumpokea mgeni anayefika saa nane, kucheza dakika tano, kisha kupewa maji na chakula na kuambiwa asante kwa uzalendo. Uzalendo tunao. Hakuna aliyewahi kutusikia tukikataa kuipokea bendera. Lakini aliyepamba jukwaa siku hiyo ana stakabadhi yake, na dereva ana posho yake. Mkiweka fungu la wasanii kwenye bajeti ya sherehe, hata liwe dogo, mtakuwa mmewaambia waandaaji wote wa mjini kwamba hii ni kazi.

Mkataba wa maandishi una faida nyingine ambayo itawarudia ninyi wenyewe. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wenzetu wa kushona, wa kufuga kuku na wa bodaboda wanaonyesha biashara zao, zinaonekana. Kundi la ngoma likiulizwa mapato yake litaonyesha nini? Simu za usiku? Tukiwa na mikataba ya msimu mmoja tu, yenye tarehe na kiasi, Afisa Maendeleo ya Jamii atakuwa na kitu cha kusoma. Tutaweza kukopa tununue spika zetu wenyewe na turubai, hata kukodi ukumbi wa mazoezi tuteremke kutoka kwenye ule mwamba kabla hajaanguka mtu. Na mkopo tutarejesha, kwa sababu malipo yatakuwa yanaingia siku inayojulikana.

Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984. Karibu wote katika kundi letu tulizaliwa baada ya hapo, na tumekuzwa tukiambiwa sanaa ni kazi. Tumejisajili tulipotakiwa kujisajili. Tunaomba sasa na anayetuajiri kwa usiku mmoja naye atakiwe kitu.

Tumeandika mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Una jina la mwandaaji na la kiongozi wa kundi, siku na mahali, saa ya kupanda na mizunguko mingapi, kiasi na namba ya simu kitakakolipwa, nani anagharamia usafiri wa kurudi usiku, mahali pa wasichana kubadilishia nguo, na mstari mmoja unaouliza kama picha za video zinaruhusiwa kutumika kwenye matangazo na kwa malipo gani. Tuliwasomea wazazi wetu, wakauelewa bila kuelezwa. Mwanasheria wenu anaweza kuurekebisha kwa nusu saa. Tutauleta katika ofisi zenu za utamaduni, nakala moja kila upande, pamoja na majina ya makundi yaliyokubali kuutumia.

Wanaotaka vibali vya tarehe 24, 25, 26 na 31 wanaanza kuja kwenu wiki za mwanzo za Desemba, kwa hiyo tunaomba jibu lipatikane kabla ya hapo. Mkituita, tuiteni asubuhi baada ya saa tatu. Kabla ya hapo tuko kwenye mazoezi, na kuanzia jioni tuko kazini.

Wenu katika kazi,

Mchezaji wa ngoma na sarakasi,
kwa niaba ya wenzangu,
Mabatini, Mwanza